Maswali ya wasomaji: nani anayesimamisha mashine ya kuku?

Barua za kuku zimebadilika. Zamani wasomaji wa Lubumbashi walituuliza chakula na chanjo. Siku hizi wanauliza machinjio, makaratasi na wakaguzi. Tumechagua sita. Mbili tumezijibu kwa urefu kwa sababu ndizo zenye mambo mengi.

Nafuga kuku wa nyama upande wa barabara ya Kipushi. Kila siku nachinja karibu 200 nyuma ya nyumba, na mahoteli yameanza kuniomba karatasi ya usafi. Nataka kujenga abatuari ndogo. Mkaguzi akifika atatazama nini kwanza? (Mfugaji, Komini Annexe)

Papa, mkaguzi anayejua kazi haanzi na vigae vya ukutani. Anasimama mlangoni, anamfuata kuku mmoja kwa macho tangu kwenye kreti hadi kwenye barafu, akitafuta mahali ambapo njia ya uchafu inakatana na njia ya nyama. Kwa hiyo kabla hujanunua saruji, chora njia hiyo kwenye karatasi. Upande mmoja weka mapokezi, kuchinja, kutoa damu, maji ya moto na kunyonyoa. Halafu ukuta mzima, wenye tundu la kupitisha kuku aliyenyonyolewa tu. Upande wa pili weka kutoa matumbo, kuosha, kupoza na kufunga. Anayeshika manyoya asiguse barafu kabla hajabadili buti na aproni na kunawa kwa sabuni. Sakafu iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, na maji yatoke upande safi kuelekea upande mchafu. Wengi wanajenga kinyume kwa sababu shimo la maji machafu liko karibu na chumba cha kufungia, na saruji ikishakauka dawa yake ni nyundo.

Sasa kazi yenyewe. Kuku waondolewe chakula saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinjwa, maji waendelee kunywa. Kifuko cha shingoni kikijaa hupasuka na kumwagikia nyama. Lakini usizidishe muda ukidhani unafanya vizuri zaidi: baada ya saa 12 utumbo unakuwa dhaifu na kukatika mkononi, na nyongo hupasuka kwa urahisi. Damu itoke kwa dakika moja na nusu angalau, kuku akiwa kichwa chini kwenye koni. Anayetumbukizwa kwenye maji ya moto akiwa bado anapumua huvuta maji yale machafu hadi kwenye mapafu na vifuko vya hewa, na hakuna kuosha kutakakoyatoa.

Maji ya moto yawe nyuzi 58 hadi 60, kuku akae humo karibu dakika moja. Pima kwa kipimajoto. Kidole cha mchinjaji mzoefu kimeshazoea joto, hakiwezi kukuambia kitu. Maji yakifika 65 ngozi inaiva na kuchanika kwenye mashine ya kunyonyoa. Yakiwa chini ya 50 manyoya hayatoki, na mtu anaanza kumrudisha kuku mara ya pili na ya tatu katika pipa ambalo tayari limejaa kinyesi. Pipa hilo libadilishwe maji angalau kila mapumziko, na kila siku lilale tupu, limesuguliwa. Vidole vya mpira vya mashine vikagueni pia: vikipasuka, ndani ya nyufa vijidudu hukaa mahali ambapo brashi haifiki. Mashine hiyo hukamua tumbo la kuku na kupaka kinyesi kwa wale wanaomfuata, ndiyo maana kuosha kwa maji yanayotiririka mara tu baada ya kunyonyoa si jambo la hiari.

Kwenye matumbo, kisu kizunguke tundu la nyuma bila kuutoboa utumbo mnene, kisha mkono uvute vyote kwa pamoja. Kila kuku mwenye kinyesi kinachoonekana atolewe kwenye mstari kabla ya kufika kwenye maji baridi. Ukimwacha apite, hujamchafua mmoja, umewachafua wote walio kwenye pipa lile.

Kupoza ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu barafu inagharimu. Piga hesabu hivi. Kuku 200 wa kilo 2 wakiwa hai watatoa karibu kilo 300 za nyama. Kushusha kilo moja ya nyama kutoka nyuzi 38 hadi 4 kunakula kama gramu 350 za barafu peke yake. Ongeza maji ya pipa, ambayo nayo lazima yapoe, na joto la hewa ya Oktoba, utaona kwamba kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya nyama ndiyo hesabu ya kufanyia kazi. Yaani kilo 300 kwa siku. Pima katikati ya kifua, ndani kabisa: nyuzi 4 zifikiwe ndani ya saa 4. Usitegemee kongelateri ya nyumbani ipoze kuku wa moto. Imetengenezwa kwa kutunza baridi, na ukiijaza kuku wenye joto, wa katikati watakaa vuguvugu usiku kucha, umeme wa SNEL uwepo usiwepo.

Maji ni lita 15 hadi 20 kwa kuku, hivyo tanki la lita 5,000 litakuvusha siku moja bomba la REGIDESO likikauka. Takataka (damu, manyoya, matumbo, vichwa) zitafikia kilo 100 kila siku. Damu usiiache iende mtaroni. Ikusanye kwenye ndoo, maana ndiyo inayooza haraka kuliko vyote na ndiyo itakayowaleta majirani kwa bourgmestre (mkuu wa komini) kabla ya mkaguzi yeyote.

Na madaftari. La kwanza la joto: maji ya moto, maji baridi, kifua cha kuku, kila baada ya saa moja. La pili la usafi: nani ameosha nini, kwa dawa gani, kabla ya kazi na baada yake. La tatu la kuku waliokataliwa na sababu. Siku joto lilipokosewa, andika lilivyokosewa, umewafanyia nini kuku hao na umerekebisha nini. Daftari ambalo nyuzi 4 zimeandikwa kila saa kwa mwezi mzima, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, mkaguzi hahitaji hata kulisoma kujua limetungwa.

Mwalimu wetu alisema kwamba nchini Marekani wakaguzi wa nyama hawana haki ya kukitoza kiwanda cha kuku amande. Ni kweli? Kama ni kweli, wanakitiisha namna gani? (Mwanafunzi wa sheria, UNILU)

Ni kweli. FSIS, idara ya wizara ya kilimo inayokagua nyama na kuku, haina uwezo wa kutoza faini kwa uamuzi wake. Kesi ya jinai inapitia kwa waendesha mashtaka na mahakama kama kawaida. Nguvu yake iko kwenye muhuri. Sheria ya ukaguzi wa kuku ya 1957 inasema kuku wanaouzwa kati ya jimbo na jimbo, au nje ya nchi, lazima wakaguliwe, na mkaguzi wa serikali awepo kiwandani siku zote za kuchinja. Bila mkaguzi hakuna muhuri. Bila muhuri hakuna soko. Mkaguzi akiondoka, mashine inayopitisha kuku 140 kwa dakika inasimama, na kila dakika ya kusimama inakula fedha za mwenye kiwanda. Faini gani itauma hivyo?

Ngazi zenyewe ziko namna hii. Mkaguzi akiona kosa anaandika hati ya kutotimiza masharti: saa, mahali, kifungu cha kanuni. Anaweza papo hapo kufunga lebo yake kwenye chombo kichafu au kwenye rundo la nyama, na kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kuvigusa hadi yeye mwenyewe atoe lebo. Makosa ya aina moja yakijirudia, kiwanda kinapelekewa barua ya kusudio la hatua, chenye siku 3 za kazi kujibu: kosa limetokana na nini, kimerekebisha nini, kitazuiaje lisirudi. Jibu likiwa jepesi, ukaguzi unasimamishwa. Hatari ikiwa ya papo hapo, kwa mfano nyama iliyooza inapelekwa sokoni au mkaguzi anatishwa, barua haingojewi kabisa. Ukaguzi unasimamishwa siku hiyohiyo. Kuondolewa kibali moja kwa moja ndiyo ngazi ya juu, na hapo mwenye kiwanda ana haki ya kusikilizwa mbele ya jaji wa utawala. Nyama iliyokwisha kutoka inaweza kuzuiwa kwa siku 20, wakati serikali inaomba amri ya mahakama ya kuikamata. Kuirudisha kutoka madukani, hata hivyo, kunabaki kwa hiari ya kampuni. FSIS huomba, haiamuru. Kampuni karibu zote hukubali, kwa kuwa njia nyingine ni tangazo la serikali lenye jina lao.

Sasa lililo muhimu kwa mtu wa sheria. Mwaka 1996 kanuni mpya iliwageuzia viwanda mzigo. Kila kiwanda lazima kiandike utaratibu wake wa usafi na mpango wake wa HACCP, yaani kionyeshe mahali ambapo hatari inaweza kuingia, kipimo cha mwisho kinachoruhusiwa, nani anapima, na afanye nini kikivukwa. Viwanda vikubwa vilianza Januari 1998, vidogo kabisa mwaka 2000. Tangu hapo mkaguzi hahitaji kuthibitisha kwamba kuku fulani atamuua mtu fulani. Anafungua mpango wa kiwanda, anasoma «nyuzi 4», anapima anakuta 9, anatafuta kwenye daftari hatua iliyochukuliwa, hapati. Kosa limekamilika kwa maandishi ya kiwanda chenyewe. Ukijifunza jambo moja kwenye sheria hizi, lijifunze hilo.

Pana tobo, tena kubwa. Salmonella, kijidudu cha kuhara, kwenye kuku mbichi kwa kawaida haihesabiwi kuwa uchafuzi unaoharamisha nyama. Kipo kiwango (kwa kuku wazima, kiwanda kisizidi sampuli 5 zenye vijidudu kati ya 51), lakini kukivuka peke yake hakutoshi kukifunga kiwanda. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua hivyo katika kesi ya Supreme Beef, kiwanda cha kusaga nyama ya ng'ombe cha Texas: kijidudu kilichoingia na mnyama si ushahidi kwamba kiwanda ni kichafu. Wakaguzi wakabaki na silaha ya aibu: viwanda hupangwa katika makundi matatu kwa matokeo yao, na makundi hayo hutangazwa kwa majina. Mwaka 2024 wizara ilipendekeza kanuni ya kuziba tobo hilo. Aprili 2025 ikaiondoa.

Nauza kuku wa barafu soko la Kenya hapa Lubumbashi, kartoni zinatoka Brazili. Mkaguzi akikuta nyama mbaya mezani kwangu, kosa ni la nani? Na nitajuaje kama kiwanda kilikaguliwa? (Mama muuzaji)

Mama, anza na kartoni. Kuku wa Brazili wanaokwenda nje ya nchi hubeba muhuri wa SIF, huduma ya ukaguzi ya serikali ya huko: duara lenye maneno «Inspecionado» na «S.I.F.», katikati namba ya kiwanda. Namba ya kartoni na ya mfuko wa ndani zilingane. Soma tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho. Tarehe iliyobandikwa juu ya nyingine ni sababu tosha ya kurudisha mzigo. Muhuri unasema kiwanda kilikaguliwa, hausemi safari ilikuwaje. Na hata muhuri si mtakatifu: Machi 2017 polisi wa Brazili waliwakamata wakaguzi waliodaiwa kuuza vyeti, viwanda 21 vikachunguzwa na nchi kadhaa zikafunga milango kwa muda.

Safari unaisoma kwenye barafu. Fungua kartoni ya chini kabisa. Ukikuta barafu ya rangi ya waridi imeganda kwenye kona, au vipande vimeshikana kuwa jiwe moja, kuku hao waliyeyuka njiani na kugandishwa tena. Fuwele kubwa nyeupe ndani ya mfuko zinaonyesha joto lilipanda na kushuka mara nyingi. Baridi sahihi ni nyuzi 18 chini ya sifuri, na kipimajoto kikiwekwa katikati ya mifuko miwili kwa dakika tano kitakuambia. Fanya hivyo kabla ya kulipa, kwenye chumba cha baridi cha muuzaji wa jumla.

Kuhusu kosa: anayekutwa nayo mezani ndiye wa kwanza kuulizwa. Unajitoa kwa karatasi. Tunza faktura yenye namba ya loti, na ikiwezekana nakala ya cheti cha OCC (ofisi ya serikali inayopima ubora wa bidhaa) cha mzigo ulioingilia mpaka wa Kasumbalesa. Ukikata kartoni, usitupe upande wenye muhuri hadi kipande cha mwisho kiishe. Bila hivyo, mwenye chumba cha baridi atasema hakujui, na ataaminika.

Nasikia Wamarekani wanaosha kuku kwa Javel (maji ya klorini) na Ulaya imekataza. Sisi tuweke kiasi gani? (Kijana wa Katuba)

Kwenye nyama, usiweke Javel ya dukani. Marekani inaruhusu klorini hadi miligramu 50 kwa lita kwenye maji ya kupozea, ikipimwa kila mara. Ulaya ilikataa tangu 1997, ikitaka usafi uanzie bandani na kwenye kisu, si kwenye dawa ya mwisho. Bila kipimo utaharibu nyama au utajidanganya, kwa kuwa damu na mafuta humaliza nguvu ya klorini mara moja.

Kwenye meza, visu na sakafu, ndiyo: miligramu 200 kwa lita. Javel ya asilimia 5, mililita 40 kwenye ndoo ya lita 10. Ya asilimia 3.5, mililita 57. Klori ya unga (HTH) ya asilimia 65, gramu 3. Pima kwa bomba la sindano lisilo na ncha, usipime kwa kifuniko. Kwanza kwangua, osha kwa sabuni, suuza. Ndipo dawa, dakika kumi. Changanya mpya kila asubuhi, na usiichanganye kamwe na asidi ya choo: gesi yake inaua.

Wiki moja tulipokea watu wa komini, wa hygiène, wa mifugo na wa mazingira. Kila mmoja na karatasi yake na bei yake. Nimsikilize nani? (Mwenye machinjio, Ruashi)

Wote wanaweza kuwa na haki ya kuingia, kila mmoja kwa jambo lake. Huduma za mifugo zinahusika na mnyama na nyama. Huduma za usafi, chini ya afya (misingi yake iko kwenye Sheria n° 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018), zinahusika na maji, vyoo na afya ya wafanyakazi. OCC, iliyoanzishwa 1974, inahusika na ubora wa bidhaa na inayoingia mpakani. Komini ina usafi wa mtaa. Kutoza fedha mkononi hakumo katika kazi ya yeyote.

Omba ordre de mission: jina, huduma, tarehe, kazi iliyotumwa. Anayetaka kuandika kosa awe na kadi ya OPJ (afisa wa polisi ya upelelezi), na uwezo wake una mipaka; wa mazingira hawezi kukuandikia kosa la nyama. Kila kosa liandikwe kwenye PV, yaani taarifa rasmi ya kosa. Isome yote, andika maelezo yako humohumo kabla ya kusaini, chukua nakala. Nyama ikikamatwa, PV itaje kilo, sababu na itakapoharibiwa. Ukipendekezewa faini ya kumaliza jambo bila kwenda parke (kwa waendesha mashtaka), inalipwa kwenye akaunti ya Leta (serikali) benki na risiti inabaki kwako.

Ukibishana kuhusu ubora wa nyama, sampuli igawanywe mbele yako, ifungwe na isainiwe na pande zote mbili, moja ibaki kwenye baridi kwako. Maabara zipo hapahapa mjini, ya OCC na ya Fakulte ya Mifugo ya UNILU. Mkaguzi wa kweli hakasiriki ukiomba hayo yote. Mwingine ataaga.

Kuku akianguka chini bosi anasema tuoshe turudishe kwenye mstari. Na mlango wa nyuma anaufunga kwa kufuli ili tusiibe. Sheria inasemaje? (Mfanyakazi)

Ndugu, kuhusu kuku, bosi wako hakukosea sana. Hata viwanda vikubwa huokoa kuku aliyeanguka, ila kwa utaratibu: anawekwa kando, sehemu iliyogusa sakafu inakatwa, anaoshwa kwenye sinki la peke yake kwa maji yanayotiririka, anakaguliwa, anaandikwa. Kosa ni kumsuuza kwenye pipa la wote. Akiangukia mferejini au kwenye damu, ni wa kutupa.

Mlango ni jambo lingine kabisa. Tarehe 3 Septemba 1991, huko Hamlet, North Carolina, mafuta ya mashine yalishika moto kwenye kikaango cha kiwanda cha kuku. Milango ilikuwa imefungwa, na wizi wa kuku ukiwa moja ya sababu zilizotajwa. Watu 25 walikufa, wengi kwa moshi. Ukaguzi wa usalama wa kazi haukuwa umewahi kufika katika miaka 11 ya kiwanda hicho. Mwenye kiwanda alikiri kuua bila kukusudia, akahukumiwa karibu miaka 20.

Andikeni barua kwa Inspection du Travail (wakaguzi wa kazi), muisaini wengi, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ombeni jambo moja tu: komeo linalosukumwa kutoka ndani kwa mkono mmoja, bila ufunguo. Anayeogopa wizi apekue mifuko getini.